Maoni ya Msomaji wa Miswada

Bwana Oduya, nimefika ukurasa wa mia na kumi na mbili
na Sikudhani wako amesimama tena nyuma ya mlango.
Nimeweka kalamu chini. Nimesogea dirishani.
Huku Barabara ya Enterprise lori la unga limeziba njia,
utingo anatukanana na mlinzi wa kiwanda cha sabuni,
na kila mmoja anamsikia mwenzake hadi neno la mwisho.

Sikudhani anasikia nusu.
Anasikia "nampenda sana," hasikii "kama dada yangu."
Sikio la kufa halisikii dawa, sawa,
ila hili lako linachagua: sumu linameza, dawa linatema.
Kisha anakimbia. Kisha mvua.
Mbona mvua? Ni Januari humu kitabuni,
umeandika mwenyewe, ukurasa wa tisini: vumbi, maji ya mgao.
Na hata ingekuwa Aprili, mtu wa South B hakimbii mvuani akilia.
Anavua viatu, anavikumbatia,
anatafuta jiwe la kukanyaga.

Simu ya Barasa inazima chaji dakika hiyohiyo.
Nairobi hii? Ambapo kinyozi, fundi viatu, muuza magazeti,
kila mmoja ana waya unaoning'inia kwa shilingi ishirini?
Barua anapewa mtoto, mtoto anaisahau mfukoni,
kaptula inafuliwa. Pacha anatokea Eldoret.
Shangazi anakohoa mara moja sura ya tatu
nami papo hapo nikamkatia sanda;
akafa sura ya tisa, amebakiza jina moja tu la kutaja,
"baba yako ni... ni..."
Shangazi! Pumzi ulikuwa nayo ya kusimulia kiangazi kizima,
bei ya ng'ombe, na harusi ya mtu tusiyemjua!

Maneno matatu yangemaliza kitabu: huyu ni dada.
Kurasa mia mbili zinaegemea mdomo mmoja uliofungwa.
Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: HAIAMINIKI.
Nimepigia mstari. Mara mbili.

Saa saba nimekula chapati na ndengu kwa Mama Kasyoka,
nimerudi, wino umekauka, neno linanikodolea macho.

Nitakwambia kitu kisichohusu malipo yako.
Nyumba yetu Kariobangi ilikuwa na mlango wa bati
wenye matundu ya misumari; ungesikia hata mtu akijikuna.
Nilisimama nje na maziwa kwenye sufuria
nikamsikia kaka yangu Makokha akimwambia mama
kwamba karo aliyoila ilikuwa yangu,
kwamba hapati usingizi,
kwamba ataniambia jioni, akipata moyo.
Nilisikia yote. Hakuna neno lililoanguka njiani.
Nikaweka sufuria kizingitini, nikaifunika kwa sahani, paka asije,
nikaenda zangu.
Haikunyesha.
Miaka kumi na minne sasa. Simu yangu ina chaji.

Basi mapendekezo yangu ni haya,
na mhariri mkuu akiyakataa ni shauri yake:
pacha, mtoe. Mvua, itoe. Shangazi amalize sentensi.
Na ule mlango wa mvule, mzito, wa ukurasa mia na kumi na mbili,
ubadilishe uwe wa bati.
Asikie "nampenda," asikie "kama dada,"
asikie hata kijiko kikigonga kikombe.
Halafu aondoke vilevile.
Hapo sitakuuliza kwa nini.

Ukurasa wa mia na kumi na tatu, mstari wa pili:
si "alienda." Ni "alikwenda."